Mume wa Bhoke

Mwinjilisti haapi, lakini asubuhi hiyo Hezekia aliapa. Aliingia kijiji cha Matongo na kikopo cha wino mfukoni na karatasi ya misheni mkononi, na hakukusudia kutoka bila alama ya kidole gumba cha Mwikwabe.

Miaka mitatu! Tangu mwaka 1953 Bhoke, mke wa huyo Mwikwabe, alikuwa mwanafunzi bora wa darasa la ubatizo. Alijifunza herufi kwenye Injili ya Marko, akaimaliza, akairudia. Wenzake walikariri ili wapewe jina jipya. Bhoke aliuliza maswali yaliyompeleka Hezekia, mwalimu wake, nyumbani akatafute majibu. Lakini sheria ya misheni ilikuwa moja: mke wa mtu habatizwi mpaka mumewe akubali mbele ya mwinjilisti na kuweka alama yake. Pasaka mbili zilikuwa zimempita hivyo. Majina ya Pasaka ya tatu yalikuwa yanakwenda Musoma kesho.

Kila Hezekia alipomwuliza mumewe yuko wapi, jibu lilikuwa neno moja.

"Hayupo."

Hezekia, mtu wa Ukerewe, alijua wanaume wa huku wakikosekana huwa wapi. Aliandika barua kwenye mashamba ya chai kule Kericho. Aliulizia kwenye machimbo ya dhahabu. Hakuna aliyemfahamu Mwikwabe. Darasani, akilitaja jina hilo, akina mama waliinama wakacheka, naye akadhani wanacheka Kiswahili chake.

Kilichomuudhi zaidi ni sifa za mtu mwenyewe.

"Anakunywa?" aliwahi kumwuliza Bhoke.

"Hapana, Mwalimu."

"Anakupiga?"

"Hajanigusa hata siku moja."

"Ana mke mwingine?"

"Ni mimi tu."

Sasa mtu wa namna hiyo amebakiza nini aokoke, ila kuja tu? Kila asubuhi Hezekia alisoma sura ileile ya uvumilivu, na kila asubuhi alikifunga kitabu ana hasira zaidi kuliko alipokifungua. Alimwombea Mwikwabe kwa jina. Siku nyingine, Mungu amsamehe, alimwombea ugonjwa mdogo tu, wa kumrudisha nyumbani.

Alimkuta Bhoke uani anasaga wimbi kwenye jiwe. Watoto wake wanne walikuwa wakicheza karibu, na hakuna aliyefanana na mwenzake. Mama mkwe, Mogesi, bibi mwembamba mwenye macho makali, alimsogezea mgeni kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Umetembea na jua kali."

"Nimekuja kumwona Mwikwabe."

"Hayupo," alisema Mogesi.

"Mama, nimechoka na hilo neno!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, watoto wakaacha mchezo. "Ni mtu gani huyo? Mkewe anahangaika miaka mitatu, yeye hata salamu haleti!"

Bhoke aliacha kusaga. Hasira yake hakuificha.

"Mwalimu, uliniambia nisome, nimesoma. Uliniambia nisamehe. Nililetwa hapa nikiwa msichana, ninalia, na huyu mama nilimchukia kweli. Leo namchotea maji ya kuoga kabla ya watoto wangu. Yule mpanzi wa kwenye Marko, aliuliza udongo ni mke wa nani?"

Swali hilo lilimzidishia Hezekia hasira.

"Sheria sikuitunga mimi," alisema, akiikunjua karatasi juu ya goti. "Hapa pameandikwa 'Mume'. Pasipokuwa na alama, jina linakatwa. Mimi nifanye nini?"

Mogesi alikuja akainama juu ya karatasi. Kusoma hakujua, lakini aliitazama muda mrefu.

"Hiki kitabu chenu kimenipa mkamwana anayecheka nami sasa, halii tena," alisema. "Sitaki jina lake likatwe. Ni wapi hapo pa mume?"

Hezekia akamwonyesha.

"Na anayetakiwa kukubali ni yule aliyemtolea ng'ombe?"

"Huyo huyo, mama. Huyo huyo ninayemtafuta mpaka Kenya."

Mogesi akachukua kikopo cha wino, akachovya kidole gumba chake, akakikandamiza juu ya lile neno mpaka karatasi ikabonyea.

"Mama! Umeiharibu! Nilitaka cha mwanao, sio cha kwako!"

"Mwanangu yupi? Mimi mtoto wa kiume sikujaliwa," alisema Mogesi, akifuta kidole kwenye nyasi. "Ng'ombe nilikuwa nao, na jina la Mwikwabe nilikuwa nalo; kwa mila yetu vinatosha. Nikaliolea mke."