Mafiga ya Mama

Njia ya hifadhini ilikuwa tambarare, na wageni walitembea bila haraka. Walikwisha kuona twiga na pundamilia, kila mtu akafurahi. Kisha Lugendo, kijana aliyewaongoza, akaonyesha mawe matatu meusi kwenye nyasi.

“Hapo majangili walikuwa wakibanika nyama,” alisema. Watu wakapiga picha.

Nyamizi, mama wa makamo aliyekuwa nyuma ya wote, akajipenyeza hadi mbele.

“Futa kauli yako!” alisema. “Hayo ni mafiga ya mama yangu. Hapo palikuwa jikoni kwetu, kabla wenzako wa hifadhi hawajatufukuza kwa bunduki.”

“Mama, ndivyo nilivyofundishwa. Tafadhali usitoke njiani.”

“Njia! Umetupitisha juu ya kaburi la babu yangu, halafu unaniambia habari za njia?”

Akaingia kwenye nyasi, Lugendo akipuliza filimbi nyuma yake. Akachuchumaa, akang'oa magugu katikati ya mawe kwa hasira. Akaokota vijiti vikavu, akavipanga, kisha akawageukia wageni.

“Nani ana kiberiti?”

Mwanamume mmoja akaanza kujipapasa mifukoni.