Kipimo cha Mzizi

Mtakwimu alikuwa ametafuta kasoro wiki nzima, tangu ofisi ilipoanza kumsifu mdogo wake mbele yake. Sasa aliipata.

Ripoti ya mdogo wake ilidai kwamba bei ya mafuta ndiyo inayopandisha bei ya unga, lakini kipimo cha mzizi, kile kinachoonyesha kama namba hurudi kwenye wastani wake, hakikufanywa. Alipokifanya mwenyewe, aliona bei zote mbili zinatangatanga bila kurudi kwenye wastani. Namba za namna hiyo huonekana zinafuatana hata kama hazijuani.

Mdogo wake akachungulia mlangoni.

"Dada, waziri ameshafika kuisikiliza ripoti yangu. Umeipitia?"

Kola yake ilikuwa imejikunja. Dada mtu akainuka, akainyoosha taratibu kwa vidole viwili.

"Iko sawa," akasema. "Nenda, usimcheleweshe."