Plasta ya Wodi ya Wazazi

Bi Mwasi, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa zahanati, alichomeka kidole ukutani, kikazama mpaka kiungo cha pili. Mchanga ukamwagikia viatu vya Sengondo, fundi aliyepewa kazi ya plasta.

"Humu watalala wazazi na vichanga," Bi Mwasi alisema. "Saruji iko wapi?"

"Bado haijashika, mama. Tuipe siku mbili."

"Ina wiki tatu."

Sengondo akatabasamu lile tabasamu lake la kuombea radhi kila kitu kwa mkupuo mmoja. "Mvua ndiyo imetuponza."

"Mvua imenyesha humu ndani?"

Hakungoja jibu. Alijifuta kidole kwenye shati la Sengondo, taratibu, upande mmoja kisha wa pili, kama anayejifutia tambara la jikoni.

"Leo ndiyo mwisho wako hapa. Mbuzi akijikuna kwenye ukuta huu, tutazika mbuzi."

Sengondo aliinua uso kuwatazama vibarua wake watatu waliokuwa juu ya jukwaa, akapaza sauti ili asikike mpaka nje. "Shukeni! Tunaondoka!"

Hakushuka mtu. Mmoja wao akamgeukia Bi Mwasi. "Tuibandue, mama?"

"Bandueni yote."

Sengondo akaivuta ngazi yake, akaiegemeza kwenye jukwaa, akaishikilia kwa mikono miwili ili wasije wakateleza wakishuka. Vipande vya plasta vikaanza kumdondokea kichwani, naye bado ameishikilia.