Shafti Isipate Moto

Yule mama mzee aliingia karakanani bila kubisha, akautua ubao wa mtarakwa kutoka begani na kuuegemeza ukutani. Shali yake ilikuwa imelowa ukungu. Alichungulia nje, kushoto na kulia, kisha akaurudisha mlango.

"Wewe ndiye unachonga herufi kwa mashine?"

"Ndiyo, Kogo. Karibu kiti, bibi," Kipkurui akasema. "Lakini leo nafunga mapema."

"Yangu ni maneno machache." Hakuketi. "Mwandishi wa mabango pale Mogogosiek alisikia jina la shemeji yangu, akarudisha rangi yake kwa mkebe. Tena rangi inafutwa. Mimi nataka maandishi ya kuingia ndani ya mti."

"Shemeji gani huyo wa kutisha hivyo?"

"Ukimjua utaogopa kama yule mwingine. Andika kwanza: SHAMBA HILI HALIUZWI."

Akaeleza akiwa amesimama. Miaka minne alikuwa Chepseon kwa binti yake, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa wa kulala tu. Huku nyuma shemeji yake alitangaza kwamba amekufa, akaliuza shamba la marehemu mumewe. Leo mchana mpima ardhi angekuja kuweka vigingi, na baada ya vigingi ingefuata hati. "Nimemuuliza mpimaji mwenyewe. Akikuta ilani kwa lango, hapimi mpaka kesi isikizwe."

"Na huyo aliyeuziwa?"

"Simjui. Sina ugomvi naye. Pengine naye alidanganywa." Akaitazama mikono yake. "Utanipigilia wewe mwenyewe? Hii haiwezi nyundo, na huko hakuna wa kunishikia."

"Kogo, hata kama ni kwa lango la chifu, nitapigilia. Nakuahidi."

Mota ya Kipkurui ilining'inia kwenye ndoano juu ya meza, na kutoka kwake ilishuka shafti ndefu ya kunyumbuka, waya mnene unaozunguka ndani ya ala ya mpira, mwishoni ncha ya kuchongea. Ile ala ikipata moto, waya hukatika, na nyingine ni ya kuagizwa Nairobi, mwezi mzima. Kwa hiyo alikuwa na masharti yake: asiikunje, asikandamize ncha, aipake grisi, na kila dakika kumi azime. Alipozima aliigusa shafti kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

James, jirani yake muuza vipuri, alichungulia dirishani. "Kurui! Ungekuwa unamuuliza mkeo Judy hali yake hivyo, angenenepa!"

"Ondoka hapa. Chai yako inapoa."

Mama mzee hakucheka. Alikuwa akiangalia saa ya ukutani.

Mstari wa kwanza ulikwisha. Wa pili ukafuata: MWENYEWE YUKO HAI.

"Sasa jina langu," akasema, akampa kitambulisho asije akakosea herufi.

Kipkurui alilisoma lile jina, Rodah Chelimo Mibei. Akazima mota.

"Imepata moto tena?"

Aliweka mgongo wa kiganja kwenye shafti. Ilikuwa baridi.

"Ndiyo, Kogo. Tungoje kidogo."

Sasa alimjua shemeji. Aliwahi kumsikia kwa masikio yake akiapa kwamba huyu mama alizikwa. Alimjua pia kwa mbwa wake na kwa vijana wake wa mapanga.

Lilikuwapo jambo jepesi la kufanya. Mashine ni mashine. Nani angemlaumu fundi kwa waya uliokatika? Aliwasha mota, akaivuta shafti mpaka ikajikunja kama kiwiko, akaikandamiza ncha butu kwenye mtarakwa. Mlio ukabadilika. Harufu ya grisi inayoungua ikajaa karakana.

Mama Rodah akasogea. Aliishika ile shafti kwa mikono yote miwili na kuinyoosha, kiganja kimoja juu, kingine chini. Ala ilikuwa ya moto. Alikunja uso lakini hakuachilia.

"Umechoka, kijana wangu," akasema. "Nikikushikia itanyooka."

Kipkurui akazima haraka, akaitoa mikono ile mmoja mmoja. Viganja vilikuwa vimeiva. Alichovya kitambaa katika maji akavifunga, naye hakuweza kumtazama usoni. Kisha akabadilisha ncha, akapaka grisi mpya, akangoja shafti ipoe kabisa, ingawa kila dakika iliyopita ilimuuma. Alilichonga jina polepole, kwa kina, mpaka herufi ya mwisho.

Waliondoka karibu saa tano, yeye na ubao, nyundo na misumari minne, mama mzee mbele, katikati ya majani chai yaliyolowa. Mara mbili mama alisita kwenye njia panda, maana vijia vilikuwa vimebadilika. Mara mbili Kipkurui ndiye aliyekata kona kwanza.

"Hauogopi?" mama akauliza.

"Naogopa, Kogo."

Lango lilikuwa jipya, la mbao zilizorandwa vizuri. Mbwa alitoka mbio akibweka, mama akarudi nyuma, lakini mbwa alipomfikia Kipkurui alinyamaza, akalala miguuni pake. Kutoka mbali, juu ya barabara, gari lilisikika likipanda.

Kipkurui aliuinua ubao. Akapiga msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa, Judy akatoka na mtoto mgongoni, akifuta mikono kwa leso. "Kurui, mpima ardhi ndiye huyo anafika. Hicho ni nini unapigilia kwa lango letu, na shamba tumeshalilipia?"

Akapiga wa nne.