Hitimisho la Mwalimu Cleopa

Telegramu ilifika Malolo Jumatatu saa nne asubuhi, mkononi mwa dereva wa lori la Mikumi. Mwalimu Cleopa aliisoma akiwa bado ameshika chaki: MAMA MGONJWA SANA NJOO UPESI PERPETUA. Ilikuwa imepigwa Jumamosi.

Mwalimu mkuu, mzee Anselmi, aliichungulia, akavua kofia. "Pole sana, mwalimu. Lori linarudi Mikumi sasa hivi. Panda uende."

"Namaliza kipindi kwanza, mzee."

Msimshangae. Kila mtu pale kijijini alijua telegramu ya namna hiyo inasema nini. Hakuna aliyeandikiwa kifo waziwazi, asije akaanguka njiani. Marehemu huitwa mgonjwa mpaka watu wake wafike. Lukasi wa duka la ushirika aliitiwa kaka mgonjwa, akakuta kaburi. Yunis, mke wa jirani, vivyo hivyo. Na Cleopa mwenyewe, mwaka sitini na sita, aliitiwa baba mgonjwa. Alidandia malori mawili, akatembea kwa miguu kutoka Kilosa, akiomba Mungu amkute hai. Alikuta udongo mbichi. Kilichomuuma kuliko vyote ni lile tumaini alilolibeba njia nzima. Akaapa kwamba halitamdanganya tena.

Akarudi darasani macho mekundu. Ubaoni kilikuwapo kifungu cha ufahamu cha darasa la saba:

"Nadharia ya kisayansi hukubaliwa kwa sababu mambo yote yaliyokwisha kuonekana yanapatana nayo. Lakini jambo moja tu lisilopatana nayo latosha kuiangusha."

Chini yake sentensi tatu. Wanafunzi wachague ile ambayo lazima iwe kweli ikiwa kifungu ni kweli.

Hildegarda, mwerevu wa darasa, alisimama. "Ya kwanza, mwalimu. Kilichotokea kila mara, na leo kitatokea."

"Kifungu kimesema hivyo?"

Binti akasoma tena, midomo ikichezacheza. "Hapana, mwalimu. Kimesema mpaka sasa tu."

"Vema. Kaa."

Akawapa mgongo, akafuta ubao polepole, na hapo ndipo alipolia. Mama ndiye aliyemfikisha shule ya misheni akiwa mdogo, kikapu cha mahindi kichwani, akamwambia neno moja tu: usitoke darasani kabla ya kengele. Nje lori liliwashwa, likaondoka.

Haraka ya nini tena? Kwa joto lile, mama angekuwa amezikwa tangu Jumapili. Alimngoja mkewe, Ida, aliyekuwa kwa dada yake huko Kidodi, ili wakakae matanga pamoja. Jumanne alinyoa nywele zote kama mfiwa. Jumatano wakaondoka.

Alhamisi treni iliwashusha stesheni ya Munisagara, kwao Cleopa. Walipokaribia nyumbani walisikia majembe yakigonga ardhi kavu nyuma ya migomba. Dada yake, Perpetua, alikuwa amekaa kizingitini, kanga imefungwa kiunoni.

"Shikamoo, dada."

Perpetua alikuwa anakitazama kile kichwa kilichonyolewa.

"Nipeleke kaburini," alisema Cleopa.

"Kaburi lipi? Si ndiyo kwanza wanachimba?" Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kilio. "Mama amekata roho leo asubuhi, mdogo wangu. Tangu tulipokuita alitaka tumtoe, tumlaze hapa mlangoni, atazame njia ya stesheni. Kila treni ikipita bila wewe, anatukataza tusikulaumu. Anasema unamaliza kipindi."