Mchumba Aliyepima Ubongo

Agnesi alimeza vidonge mbele ya baba yake, kisha akaachama ili akaguliwe.

"Inua ulimi," aliamuru Mzee Melkiori. Washenga walikuwa njiani, na binti kuanguka kifafa mbele yao ilikuwa aibu ambayo Kariakoo nzima ingeitafuna mwaka mzima. Posa mbili zilikwisha kuvunjika hivyo.

Balaa ni kwamba mchumba mwenyewe alikuwa msomi. Wachaga wenzake walisomea sheria na kilimo. Huyu Onesphory alitoka Makerere na hesabu za ubongo.

"Ubongo nao una hesabu?" Melkiori alimuuliza kijana, wageni walipokwisha kukaa.

"Chembe zake ni kama wenye maduka hapa mtaani, Mzee. Mmoja akifunga ghafla, jirani anababaika: nifunge, nisifunge? Ni bahati nasibu, lakini kadiri wengi wanavyofunga, naye anaelekea kufunga. Ninachotafuta ni hiki: chembe hizo zikiachwa miaka na miaka, zitatulia, au ipo siku zitalipuka zote pamoja?"

"Na zikilipuka?"

"Mtu huanguka."

Severa, mama wa binti, nusura amwage mbege, pombe yao ya ndizi. Melkiori akamtazama kijana kwa chuki. Mshenzi huyu anajua! Amekuja kumchunguza mwanangu! Njia iliyobaki ilikuwa kumlewesha asione lolote. Akajaza kata ya pombe ya ndizi mpaka ukingoni.

"Nisamehe, Mzee. Sinywi."

"Mchaga unaposa bila mbege? Basi umemkataa binti yangu."

Leodegar, mjomba wa kijana, alidakia haraka. "Nipe mimi, nitamnywea."

"Na mke utamwolea?"

Watu wakaangua kicheko. Onesphory alimtazama Agnesi, akapokea kata, akanywa. Melkiori akamwongezea, tena na tena, huku akimsifu kwa sauti.

Mara kata ikadondoka, kikafuata kishindo cha mtu kuanguka. Severa akapiga yowe na kumkimbilia binti yake.

Agnesi alikuwa amesimama wima, mzima kabisa. Aliyekuwa sakafuni akitupa miguu ni Onesphory.

Wageni wote wakaruka nyuma kulikwepa povu lake. Agnesi peke yake alipiga magoti, akamlaza ubavu, akamwekea khanga chini ya kichwa.

"Mmethubutu kunificha?" Melkiori alimfokea Leodegar. "Mmeniletea kifafa ndani ya nyumba yangu? Agnesi, toka hapo, mwanangu, atakuambukiza!"