Fundo Lililorudi

Bahasha kutoka posta ya nchi jirani ilikuwa na kipande cha kamba tu, fundo lake bado limekaza. Mwanaidi alilitazama, damu ikamchemka.

Posta zote mbili, ile na hii ya kina Mwanaidi, zilikuwa na sheria moja: mfuko ukifika, kata kamba, fundo usiliguse, maana fundo ni shahidi. Mfuko mmoja kutoka huku ulifika kwa wenzao umepungua kilo tatu, dawa za wagonjwa zimechomolewa, nao wakarudisha fundo bila neno baya hata moja.

Maneno mabaya yalitoka huku. Wiki nzima Bwana Makame, mkuu wa chumba cha mifuko, alikuwa akiwaita wenzao wale wezi.

Mwanaidi ndiye aliyeufunga mfuko ule, kwa mkono wa kulia. Fundo hili lilipinda kushoto. Mle chumbani, aliyetumia mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu, tena ndiye aliyemfundisha kazi.

Akauburuta mfuko mtupu hadi mezani kwa Bwana Makame. Makarani wakaacha kugonga mihuri.

"Nifungie huu, mzee," alisema kwa hasira. "Hapa hapa, sote tuone."

"Umesahau kufunga, mwanangu?"

"Sijasahau chochote ulichonifundisha."

Akaliweka lile fundo mezani. Bwana Makame akacheka, wala hakuna aliyecheka naye. Akaishika kamba kwa mkono wa kulia, akaizungusha, ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena.

Mkono wa kushoto ulibaki chini ya meza.